Namna ya Kuulinda Ubongo wa Mgonjwa wa Kiharusi Dhidi ya Joto

Habari za madaktari wanaopoza ubongo wa mgonjwa wa kiharusi wakati wa matibabu zimewafikia wengi kwa njia ya simu, na ni rahisi mtu wa Kigoma au Tabora akazisoma akadhani kwamba mfuko wa barafu kutoka kwa wauza samaki, ukifungwa kichwani mwa baba yake, utafanya kazi ileile. Hautaifanya. Kilichoonekana kuwasaidia wagonjwa katika wodi zisizo na mitambo ya ajabu ni kazi ndogo zaidi na yenye kuchosha zaidi: kupima joto la mgonjwa kwa saa maalumu, kulizuia lisipande, na kutafuta chanzo chake linapopanda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kuanzia nyumbani hadi wodini, kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuvipata Kasulu, Uvinza, Urambo au Sikonge.

Kwa nini joto huumiza ubongo uliopigwa

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala la kuweka akiba. Donge la damu linapoziba mshipa mkubwa, sehemu inayotegemea mshipa huo peke yake huanza kufa ndani ya dakika chache, lakini kuizunguka hubaki eneo linaloambulia damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Seli za eneo hilo zimeacha kufanya kazi, ila bado zi hai. Mkono usioinuka na ulimi usiotamka siku ya kwanza hutokana na eneo hili lililonyamaza pamoja na lile lililokwisha kufa, na ndiyo sababu mgonjwa anaweza kurudishiwa sehemu ya nguvu zake endapo njia ya damu itafunguliwa mapema. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alipiga hesabu kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa kisichotibiwa huua seli za neva takriban milioni 1.9 kila dakika.

Joto huharakisha mauaji hayo. Ubongo ukipoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mahitaji yake ya oksijeni hupungua kwa asilimia 6 hivi, mfano wa mpishi anayefunga kimlango cha jiko la mkaa ili makaa yadumu; ukipata moto, mahitaji huongezeka wakati ambapo damu ndiyo inayokosekana. Zaidi ya hapo, seli zenye joto humwaga kwa wingi kemikali za kusisimua seli nyingine, hasa glutamati, na kuta za mishipa midogo hulegea zikapitisha maji, hivyo ubongo ukavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mwaka 1996 watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliochunguza wagonjwa 390 waliofikishwa hospitalini ndani ya saa 6, waliona kwamba kila nyuzi 1 ya ziada wakati wa kupokelewa iliendana na uwezekano wa matokeo mabaya uliozidi maradufu. Ni kweli kwamba kiharusi kikubwa chenyewe huweza kuleta homa, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba joto ndilo lililodhuru. Hata hivyo majaribio ya maabara juu ya wanyama yanaelekea upande huohuo.

Wanachofanya hospitali kubwa, na kwa nini tusikiige

Kupoza mwili kwa makusudi kulipata heshima mwaka 2002, pale majaribio mawili, moja la Ulaya na jingine la Australia, yalipoonyesha kwamba watu walioachwa bila fahamu baada ya moyo kusimama walipona vizuri zaidi walipopozwa hadi kati ya nyuzi 32 na 34. Majaribio makubwa yaliyofuata mwaka 2013 na 2021 hayakuona kwamba nyuzi 33 zina faida kuliko kulidhibiti joto kwa kiwango cha kawaida au karibu nacho. Kwa upande wa kiharusi, jaribio la Ulaya lililoitwa EuroHYP-1 lilikusudia kuandikisha wagonjwa 1,500, likasimamishwa likiwa na 98 tu, na hao wachache hawakuonyesha kunufaika.

Sababu za ugumu huo zinafaa kueleweka, kwa kuwa ndizo zinazokataza barafu ya nyumbani. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi yu macho, na mwili ulio macho ukipozwa hutetemeka. Misuli inayotetemeka hula oksijeni nyingi na kuzalisha joto jipya, yaani mwili huteketeza kilekile kilichokusudiwa kuokolewa. Ili kuzuia mtetemeko, hospitali hulazimika kutoa dawa za kutuliza, ambazo hudhoofisha pumzi na kumeza, na katika tafiti kadhaa waliopozwa walipata nimonia zaidi kuliko wenzao. Baridi ikizidi, chini ya nyuzi 30 hivi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Tena kumrudishia mgonjwa joto lake ni kazi ya polepole ya saa nyingi, kwa sababu akipashwa haraka ubongo huvimba upya.

Njia ninayoiona kuwa na matumaini zaidi ni ile inayopoza ubongo peke yake. Mgonjwa mwenye donge katika mshipa mkubwa hupitishiwa mpira mwembamba kutoka paja au mkono hadi ubongoni ili donge livutwe nje. Mara njia inapofunguka, kiasi kidogo cha maji ya chumvi yaliyopozwa kwa nyuzi 4 hupitishwa ndani ya mpira uleule, yakapoza eneo lililoathirika kwa dakika chache bila kuugusa mwili mzima. Watafiti, hasa wa China, wameonyesha kwamba hilo linawezekana, lakini bado ni jambo la kuchunguzwa, na linahitaji chumba chenye mtambo wa eksirei ya mishipa na daktari aliyebobea katika kuvuta donge. Si kitu cha kuigwa kwa chupa ya dripu iliyolazwa kwenye friji la kantini.

Nchi zenye hali inayofanana na yetu zimekwisha kupata funzo katika jambo la jirani. Watoto wachanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa hupozwa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72 katika nchi tajiri, na wengi huokolewa hivyo. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2021 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh lilikuta vifo vingi zaidi kwa watoto waliopozwa kuliko wasiopozwa. Tiba haisafiri peke yake bila mazingira yake.

Iliyosafiri vizuri ni ya wauguzi. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika wodi 19 za kiharusi za jimbo la New South Wales, Australia, ambako wauguzi wa baadhi ya wodi walifundishwa kufuata utaratibu wa mambo matatu tu: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliokuwa wamefariki au kubaki wategemezi ni asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika wodi nyingine. Sijui dawa ya kiharusi yenye faida kama hiyo ambayo muuguzi wa zamu anaweza kuinunua kwa bei ya kipimajoto. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu inafuata njia hiyo.

Nyumbani, kabla ya safari

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikokoteka ghafla, jambo la kwanza ni kuandika saa ya mwisho ambayo mgonjwa alionekana mzima. Iandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku, kwa kuwa “saa 2” ya nyumbani ikisomwa na daktari kwa mtindo wa saa 24 inaweza kumnyima mgonjwa dawa ya kuyeyusha donge, ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Kama alilala mzima akaamka amepooza, saa inayoandikwa ni ile aliyolala.

Aliyeangukia shambani, kwenye tumbaku au mahindi, aondolewe juani mara moja na alazwe kivulini kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje. Avuliwe koti, shati zito na viatu. Abaki na nguo moja nyepesi au khanga. Desturi yetu ya kumviringisha mgonjwa blanketi, hata kama hana baridi, ni ya upendo lakini katika ugonjwa huu inafungia joto ndani. Asipewe kitu chochote mdomoni: si uji, si maji, si kidonge cha homa. Koo la mgonjwa wa kiharusi linaweza kuwa limepooza bila mtu kujua, na kijiko kimoja cha uji kikiingia mapafuni ndicho kitakacholeta homa ya siku ya pili au ya tatu. Aspirini nayo ikae mbali, kwa sababu kiharusi cha kuziba mshipa na kiharusi cha mshipa kupasuka havitofautishwi kwa macho, na aspirini inaweza kukiongeza cha pili. Vivyo hivyo vidonge vya presha vya jirani: presha inayopanda wakati huu mara nyingi ni njia ya mwili ya kusukuma damu kwenye eneo lililonyamaza, na kuishusha kwa kishindo ni kulikata eneo hilo.

Wanaoamini kwamba aliyeanguka amekumbwa na kitu kingine wasigombezwe mbele ya mgonjwa. Waombwe wasali au wafanye lao hospitalini.

Njiani

Piga simu kabla ya kuondoka. Uliza kama mashine ya skani ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inafanya kazi siku hiyo katika hospitali unayoiendea, iwe Maweni kwa mkoa wa Kigoma au Kitete kwa Tabora, na kama haifanyi, uliza ushauri wa rufaa hapo hapo, maana safari ya kwenda Bugando, Mwanza, ni vizuri ianze mapema kuliko baada ya kulala usiku mzima ukisubiri.

Joto la safarini husahaulika. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, gari lililosimama juani kwa dakika chache ndani yake huwa tanuri, na boti inayotoka vijiji vya pwani ya kusini ya Uvinza haina kivuli isipokuwa kile mnachokibeba. Chukueni mwavuli, turubai au hata mkeka wa kutandaza juu ya vichwa. Madirisha yafunguliwe, dereva asiegeshe juani wakati wa kununua mafuta, na mgonjwa asibanwe katikati ya watu watatu kwa nia ya kumshikilia. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya kawaida kinaweza kuwekwa kwenye paji la uso na shingoni iwapo ngozi yake ina moto. Mkiona vinyweleo vimesimama au taya linatetemeka, kiondoeni.

Kupima joto kwa namna inayoaminika

Tumia kipimajoto cha kidijitali cha kwapani, kinachopatikana katika maduka mengi ya dawa. Kausha kwapa kwanza, kwa kuwa jasho hudanganya. Kiweke upande ambao haujapooza, ama sivyo ushike mkono uliopooza wewe mwenyewe, maana hauwezi kubana. Usiondoe mpaka kilie. Vipimajoto vya kuelekezewa usoni vinafaa kwa kupanga foleni ya watu getini, lakini kwa mgonjwa aliyetoka juani au aliyepanguswa maji vinapotosha.

Namba inayoonekana kwapani huwa chini ya joto la ndani ya mwili kwa karibu nusu nyuzi, na ubongo kwa kawaida una joto kuliko hata huko ndani. Ndiyo sababu mpaka wa kuchukua hatua umewekwa kwenye nyuzi 37.5, wala haungojwi 38 au 39 kama tunavyozoea kwa homa nyingine. Familia nyingi zitasema, “Hii si homa, ni joto la kawaida.” Kwa mgonjwa wa kiharusi ni homa.

Pima kila baada ya saa 4 kwa saa 72 za mwanzo, na uandike namba pamoja na saa kwenye chati, au kwenye daftari la shule kama chati zimekwisha. Vipimo vinavyorukwa karibu daima ni vya usiku wa manane, wakati muuguzi mmoja ana vitanda vingi, na hapo ndipo ndugu anayelala wodini anaweza kuwa msaada wa kweli: afundishwe kupima na kuandika, kisha muuguzi apitie namba hizo na kurudia yeye mwenyewe ile inayotia shaka.

Pamoja na joto, sukari ipimwe mapema. Sukari ya chini huweza kuiga kiharusi kabisa, mtu akapooza upande mmoja akanyanyuka baada ya kupewa glukosi; sukari ya juu nayo hulidhuru eneo lililonyamaza kama joto linavyolidhuru. Kwa sababu hiyo dripu ya mgonjwa wa kiharusi iwe ya maji ya chumvi, na ile ya glukosi itolewe tu kama kipimo kimeonyesha upungufu.

Kulishusha joto lililopanda

Ikifika 37.5, toa parasetamoli. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 na zaidi, dozi ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku nzima. Mwepesi kuliko hapo apewe kwa hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo, na mwenye ini lililoharibika, wakiwemo wanywaji wa gongo wa muda mrefu, apunguziwe na daktari. Swali kubwa ni njia ya kuitoa. Asiyepimwa kumeza asipewe kidonge, hata kikisagwa. Atumie ya dripu, ya kuwekwa njia ya haja kubwa, au ya mpira wa puani uliokwisha kuhakikiwa kuwa uko tumboni. Sindano ya diklofenaki, ambayo baadhi ya maduka ya dawa huitoa kwa kila mwenye homa, haifai hapa kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu na kuumiza figo.

Wengine huuliza kama si bora kumpa parasetamoli kila mgonjwa tangu mwanzo, hata asiye na joto. Jambo hilo limejaribiwa Uholanzi na kwingineko, hata kwa dozi ya gramu 6 kwa siku ambayo ni juu ya kiwango cha kawaida, na faida ya wazi haikupatikana. Tibu joto lililopo.

Dawa ikifanya kazi, saidia kwa mikono. Fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite, ondoa blanketi, mlaze mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na mpanguse kwa kitambaa cha maji vuguvugu shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Maji vuguvugu hupoza kwa kukauka polepole. Maji ya baridi kali hufunga mishipa ya ngozi, joto likabaki ndani na mgonjwa akaanza kutetemeka. Spiriti isipakwe kamwe. Feni ielekezwe kwenye chumba au pembeni mwa kitanda, na izimwe mtetemeko ukianza. Pima tena baada ya saa 1.

Kutafuta homa imetoka wapi

Hapa ndipo wodi za mikoa yetu zinapotofautiana na zile za Australia. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na kipimo cha haraka cha malaria lazima kifanyike kwa kila mgonjwa wa kiharusi mwenye homa. Malaria kali yenyewe huweza kupoteza fahamu na kuleta degedege, ikadhaniwa kiharusi. Lakini kipimo hicho kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na katika eneo lenye malaria nyingi mtu huweza kubeba vimelea bila kuugua. Jibu chanya kwa hiyo linaanzisha dawa ya malaria, wala halifungi uchunguzi. Nimonia iliyoachwa kwa sababu “tayari tumempata na malaria” ni hasara inayoepukika.

Sikiliza kifua, hasa upande wa kulia chini, ambako chakula kilichopotea njia huangukia mara nyingi. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Tazama mkojo kwenye mfuko: rangi, harufu, na kama mpira bado unahitajika, kwa kuwa mpira uliowekwa kwa urahisi wa wahudumu ndio mlango wa maambukizi, uondolewe mapema. Gusa mahali dripu ilipochomwa. Mgeuze uangalie mgongo na visigino. Shingo ikiwa ngumu, au homa ikiwa ilitangulia kupooza, daktari afikirie homa ya uti wa mgongo kabla ya kiharusi.

Kupima kumeza kufanywe na aliyefundishwa, mgonjwa akiwa macho, ameketi wima na anaweza kukohoa. Hupewa kijiko cha chai cha maji, kisha husubiriwa. Akikohoa, akikabwa, au sauti yake ikawa kama yenye maji ndani, hulishwa kwa mpira mpaka kipimo kirudiwe. Anayefaulu naye alishwe akiwa ameketi, kwa vijiko vidogo, na akae wima nusu saa baada ya kula. Mdomo usafishwe mara kadhaa kwa siku hata kama hali kitu, kwa maana mate machafu yanayoteremka usiku huleta nimonia sawasawa na uji.

Baada ya saa 72

Vipimo vikiwa chini ya 37.5 mfululizo, vinaweza kupunguzwa hadi mara 2 au 3 kwa siku. Anaporuhusiwa kurudi nyumbani, familia iondoke na kipimajoto, daftari lile lile, na maelezo ya namna ya kumlisha yaliyoonyeshwa kwa vitendo kwa mtu atakayemlisha hasa, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe aliyebaki kijijini na si yule aliyekuwa akija saa za kutazama wagonjwa. Katika wiki za mwanzo, joto la nyuzi 38 na zaidi, kikohozi kipya, mkojo wenye harufu kali au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kumrudisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, akiwa na daftari mkononi ili mganga aone joto lilianza kupanda lini.